Someni masomo kabla ya daraja: barua za wasomaji kuhusu matokeo ya kidato cha nne

Tangu Baraza la Mitihani la Tanzania litangaze matokeo ya kidato cha nne, barua nyingi zilizoletwa kwenye safu hii zimekuwa za wazazi, na chache, ambazo ndizo zilizonishughulisha zaidi, za watoto wenyewe. Nimechagua nne. Majina nimeyaacha na baadhi ya maelezo nimeyafupisha, lakini alama nimezinukuu kama zilivyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya majibu yangu inazitegemea.

Baba amenuna tangu siku ile

*Mwalimu, salaam. Binti yetu amepata daraja la nne, pointi 27. Baba yake alimsomesha shule ya binafsi ya bweni kwa miaka minne, na alikwisha kuwaambia wenzake kazini kwamba mtoto anakwenda kuwa muuguzi. Tangu siku ya matokeo hajasema naye. Binti akimwandalia chakula anaambiwa “weka hapo”, basi, na akiingia sebuleni baba anatoka. Mimi na yeye tumekwisha kugombana, kwa sababu anataka binti arudie kidato cha tatu na cha nne katika shule nyingine, la sivyo aende kijijini kwa bibi yake akalime. Binti analala mchana kutwa. Nimeambatanisha matokeo yake. Nifanye nini? — Mama wa Kihonda, Morogoro*

Mama, pole, na pole hiyo umfikishie na binti. Nimeyatazama matokeo uliyoambatanisha na ningependa tuyasome pamoja, kwa sababu nashuku kwamba nyumbani kwenu yamesomwa hadi kwenye 27 yakaishia hapo. Mstari wa binti unasema hivi: Uraia D, Historia D, Jiografia D, Kiswahili C, Kiingereza D, Fizikia F, Kemia D, Baiolojia D, Hisabati F. Baraza huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, A ikihesabiwa pointi moja na F tano. Hapa C moja ni tatu na D sita ni ishirini na nne, ndiyo ikapatikana 27. Daraja la nne linaanzia 26 na kuishia 33.

Yapo mambo mawili ambayo jumla hiyo peke yake haikuambieni. La kwanza ni chungu, nalo ni kwamba kidato cha tano hawezi kuchaguliwa mwaka huu, na hata kama jumla yake ingekuwa 25 bado asingechaguliwa, kwa sababu anatakiwa kuwa na angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini, na yeye anayo moja tu. La pili ni la heri: uuguzi hauhitaji kidato cha tano. Vyuo vya afya katika ngazi ya stashahada hupokea wahitimu wa kidato cha nne waliofaulu kwa angalau D masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kemia anayo. Baiolojia anayo. Kinachomfungia mlango ni Fizikia, somo moja, na somo moja hurudiwa bila kurudia shule.

Njia yenyewe ni kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Uandikishaji hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka kupitia vituo vya mitihani, anayechelewa hutozwa faini, na mtihani hufanyika Novemba pamoja na watahiniwa wa shule. Kwa kuwa Fizikia ina mtihani wa vitendo, ulizeni mapema kama kituo mnachokitaka kinapokea watahiniwa wa masomo ya sayansi, maana si vyote vyenye maabara. Tafuteni mwalimu wa Fizikia wa kumfundisha jioni, na mkipata nafasi someni pia mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, ambao hutaja sifa za kila kozi na kila chuo, ili msije mkategemea maneno ya jirani au hata haya yangu. Hasara ya njia hii ni mwaka mmoja, na siifichi. Lakini kumrudisha kidato cha tatu, akasome upya kwa miaka miwili masomo tisa ambayo saba kati yake ameshayafaulu, ni ada ya miaka miwili inayolipwa ili kutuliza aibu ya mzazi. Nayaandika haya nikijua kwamba baba mtu huenda akayasoma.

Hata hivyo, kabla hamjalipia chochote, muulizeni binti kama bado anautaka uuguzi. Katika barua yako ni baba aliyewaambia wenzake kazini. Sijaona mahali ambapo binti mwenyewe amesema anataka nini. Inawezekana anautaka sana, na ndiyo maana analala mchana kutwa. Inawezekana pia kwamba hakuwahi kuutaka, na F ya Fizikia haikumshangaza yeye kama ilivyowashangaza ninyi.

Kuhusu kununa. Mzazi anayegombeza husema mengi ya kuumiza, lakini ugomvi una mwisho wake na mtoto anaujua. Anayenuniwa hajui kitu. Kila “weka hapo” anaipima, na usiku anajisomea hukumu kali kuliko ambayo baba mwenyewe angeitamka. Nakushauri usimwendee mumeo kwa maneno ya “msamehe mwanao”, kwa sababu atayasikia kama madai kwamba yeye ndiye mkosaji, wakati yeye naye ana uchungu wa kweli: amelipa ada miaka minne, amejisifu mbele ya watu, na sasa kila asubuhi anakutana na watu haohao. Mpelekee karatasi. Muwekee matokeo mezani, mweleze hesabu niliyoieleza hapo juu, halafu umwulize Fizikia itafundishwa na nani. Mwanamume wa namna hii mara nyingi hurudi kuzungumza na mtoto kupitia jambo la kufanya, kabla hajaweza kuzungumza naye kupitia hisia. Ikishindikana, tumia shangazi. Dada mkubwa wa mumeo, kama yupo na anaheshimika, ana haki ya kumwambia kaka yake maneno ambayo wewe ukiyasema yatageuka kesi.

Na akisisitiza kwamba daraja la nne ni daraja la nne tu, mkumbushe historia ambayo hata yeye ameishuhudia. Katika matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume, na mwezi Mei Serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya, hata wapo vijana waliohesabiwa wamepata sifuri wakajikuta wana daraja la nne bila kushika tena kalamu. Kwa mtihani wa mwaka 2014 madaraja yenyewe yaliwekwa kando, ukaja mfumo wa wastani wa pointi uliokuwa na distinksheni, meriti, krediti na pasi, na mwaka 2016 madaraja yakarudishwa. Sisemi kwamba mtihani hauna maana. Nasema kwamba mistari ya madaraja huchorwa na watu katika ofisi na huweza kusogezwa, ilhali binti anajua Kemia kwa kiasi kilekile, mstari ukiwa juu au chini.

Kwenda kwa bibi si jambo baya lenyewe, na mabinti wengi wamepumzika vizuri huko. Asipelekwe tu kama mfungwa. Na kama kulala huko kunaendelea, akawa hali chakula, hajali usafi wake, au anataja kifo hata kwa utani, usingoje baba anyooke: mpeleke hospitali, ueleze yote bila kuficha kwamba chanzo ni matokeo.

Nimesema matokeo yangu yamezuiliwa

*Mwalimu, shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne na nimepata daraja la tatu, pointi 23. Nina C ya Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili na Baiolojia, na D ya Kiingereza na Kemia. Yaliyobaki ni F. Baba ni fundi seremala, mambo ya mtandao hayajui, na siku zote alisema anataka “divisheni wani”. Siku ya matokeo niliogopa, nikamwambia yangu yamezuiliwa na Baraza. Sasa amesema Jumatatu anafunga karakana aende kumwona mkuu wa shule. Silali. Wakati mwingine naona bora nisingezaliwa. — Kijana wa Pangani, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Nianze na sentensi yako ya mwisho kwa sababu nimeisoma zaidi ya mara moja. Kama ni maneno ya uchovu, nayaelewa, na usingizi utayapunguza. Kama fikra hiyo imekwenda mbali zaidi, hadi ukawaza kujidhuru, usingoje Jumatatu wala usingoje ushauri mwingine wa gazeti: mwambie leo mtu mzima mmoja unayemwamini, awe mama, mjomba, mwalimu au kiongozi wa dini, umwambie kwa maneno hayohayo uliyoniandikia mimi. Ukikosa wa kumwambia, piga 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haikatwi salio, na anayepokea amefundishwa kusikiliza mambo ya aina hii.

Sasa matokeo yako. Mwanangu, hayo ni matokeo ya kwenda kidato cha tano. Jumla yako haizidi 25 na una C tano, wakati zinazotakiwa ni angalau tatu. Naona kwenye maelezo yako marefu, ambayo sikuyachapa yote, kwamba ulipokuwa shuleni ulijaza HGL, yaani tahasusi (mchanganyiko wa masomo) ya Historia, Jiografia na Kiingereza, katika fomu ya Selform. Hapo ndipo pa kushughulikia, kwa sababu L ni Kiingereza, nacho una D, alama dhaifu zaidi katika tahasusi hiyo. Historia, Jiografia na Kiswahili unazo zote kwa C, na hiyo ni HGK. Baada ya matokeo kutoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, hutoa muda wa wanafunzi kuingia kwenye mfumo wa Selform na kubadilisha tahasusi zao wenyewe. Muda huo ukipita huku wewe unaficha matokeo, uongo unaweza kukugharimu nafasi ambayo mtihani haukukunyima. Mweleze baba pia kwamba tangu mwaka wa masomo wa 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali imeondolewa. Fundi seremala anayewaza ada ya miaka miwili atalisikia hilo kabla ya kulisikia neno “tatu”.

Kuhusu uongo wenyewe, ujue ulichosema kina uzito kuliko unavyodhani. Matokeo huzuiliwa, kwa mfano, pale mtahiniwa alipougua akashindwa kufanya baadhi ya mitihani, na hufutwa kwa udanganyifu, na watu wengi mitaani hawatofautishi mambo hayo mawili. Huenda baba yako anafunga karakana Jumatatu akiamini kwamba mwanawe anashukiwa wizi wa mtihani, na anakwenda kukutetea. Usimwache afike mbele ya mkuu wa shule, akae kwenye kiti, aombe mwanawe atendewe haki, kisha aonyeshwe mstari wenye alama zako zote.

Mwambie kabla ya hapo, na mwambie nyumbani, si karakanani mbele ya wateja. Mwambie mama kwanza ili asishtuke naye. Kisha sema kwa ufupi: “Baba, nilikudanganya. Matokeo hayakuzuiliwa. Nimepata tatu, niliogopa kukuambia.” Nyamaza hapo, usiongeze visingizio vya mwalimu wa Hisabati aliyehama. Atakasirika, na sehemu ya hasira hiyo, ile inayohusu uongo, ni haki yake; ivumilie. Ile inayohusu daraja itapungua ukimwonyesha kwamba kuna nafasi ya kidato cha tano na kuna jambo la kufanya wiki hii. Kama unahofia kwamba atakupiga hadi kukuumiza, na wewe ndiye unayemjua, mjomba awepo.

Kwa akina baba wanaosoma hapa: wengi wenu mnaposema “nataka wani” mnakusudia kutia moyo. Mtoto huisikia kama masharti ya kuendelea kukaa kwenu.

Keki ikatwe wapi?

*Mwalimu, nakuandikia kutoka Muscat ninakofanya kazi za ndani. Binti yangu na mtoto wa marehemu dada yangu, mvulana, wanalelewa na mama yangu Singida, wamesoma shule moja na wamemaliza pamoja. Siku ya matokeo niliingia mtandaoni mimi kwanza, nikapiga picha ukurasa wa shule yao, nikauweka kwenye kundi la familia la WhatsApp kabla wao hawajaona. Wangu ana daraja la kwanza, pointi 15. Wa marehemu ana sifuri, pointi 34. Nilikwisha kuahidi simu mpya na keki. Mama anasema keki haikatwi nyumbani kwake. Binti anasema ananyimwa haki yake. — Mama wa mbali*

Dada yangu, hongera kwa binti. Najua umefanya kazi za nyumba ya mtu mwingine ili ada ipatikane, na furaha yako ina sababu. Lakini futa ile picha leo. Ukurasa wa matokeo unaonyesha namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja na kila somo, tena wa shule nzima, na shangazi na binamu waliomo kwenye kundi lile sasa wana uwezo wa kumlinganisha kijana na mwenzake mstari kwa mstari kwa miaka mingi. Baraza lenyewe, lilipotangaza Januari 2023 matokeo ya mtihani wa mwaka 2022, liliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora. Haifai familia iendeleze orodha ambayo Baraza limeiacha. Mwakani, namba ya mtihani iwe ya mtoto: aifungue yeye, mbele ya mtu anayempenda, na wengine wasubiri awaambie.

Kuhusu keki, mama yako yuko sahihi na binti yuko sahihi, jambo ambalo hutokea. Binti amesoma, ameahidiwa, na akinyimwa kwa sababu ya mwenzake atajifunza kumchukia mwenzake huyo. Bibi naye anaona kila siku uso wa kijana ambao wewe huuoni. Mimi ningefanya hivi: kabla ya sherehe yoyote ningempigia simu kijana peke yake, si kwa spika ya simu sebuleni, na nisingeanza na “usijali”. Ningemwambia kwamba nimeyaona, kwamba pole, na kwamba fedha ninayotuma kwa ajili yake haikatwi. Kijana aliyefiwa na mama yake na anayesomeshwa na mama mdogo, akipata sifuri, swali linalomkosesha usingizi ni kama bado ana mtu. Lijibu hilo kwanza. Baada ya hapo keki ikatwe, nyumbani hapohapo, Jumapili kama kawaida, na kijana awepo akitaka au aende kwa rafiki akitaka. Usimnunulie naye simu ya kumfariji. Ataielewa maana yake.

Yeye mwenyewe ana njia. Pointi 34 maana yake ana D moja tu, na kwa daraja sifuri hapati cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo akitaka cheti lazima arudie kama mtahiniwa wa kujitegemea, safari hii kwa masomo machache anayoyaweza. Lakini vyuo vya ufundi stadi vya VETA hupokea katika fani nyingi hata waliomaliza darasa la saba, na fundi umeme wa magari hulipwa kwa gari kuwaka. Mwulize bibi kijana hupenda kushika nini akiwa nyumbani. Yeye atakuwa anajua.

Mtu wa “Baraza” amenipigia simu

*Mwalimu, kuna mtu amenipigia akasema anafanya kazi Baraza la Mitihani, na kwamba kwa shilingi laki tatu anaweza kuigeuza F ya Hisabati ya mwanangu kuwa C. Ameitaja namba ya mtihani ya mtoto bila kukosea. Je, inawezekana? — Baba, Mbeya*

Haiwezekani, na kutaja namba hakumaanishi kitu, kwa sababu matokeo yote yako mtandaoni na namba zake. Ukimtumia laki tatu atakuambia kuna mwenzake wa pili anayehitaji laki moja zaidi.

Kama unaamini kwa dhati kwamba mtoto ameonewa, ipo rufaa: mtahiniwa huomba kwa Baraza karatasi yake ipitiwe upya, kwa ada iliyopangwa na ndani ya muda uliotajwa, na mkuu wa shule atakuelekeza namna ya kuandika. Anza kwanza kwa kumwuliza mwalimu wa Hisabati mtoto alikuwa akipata nini katika majaribio na katika mtihani wa moko. Kama alikuwa akipata ishirini na kitu kwa mia, ada ya rufaa ilipieni masomo ya ziada. Kama alikuwa akipata sitini, kateni rufaa bila kuchelewa. Na namba ya huyo aliyekupigia ipeleke polisi kabla hajampigia mzazi mwingine.